Injini Iliyorudi Bila Boti

Siku ya nne tangu boti ya nahodha Ukasha ipotee, injini yake ilirudi Kibiti juu ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, imelazwa kati ya majiko mabovu na rimu za baiskeli.

Inspekta Msaidizi Subira Mketo alipata habari hiyo saa mbili kasoro robo asubuhi, akiwa bado nyumbani anafunga kamba za viatu. Aliyepiga simu alikuwa Mwamini, mwanamke anayeshika kompyuta kwenye karakana ya kufufua injini za boti, nyuma ya stendi.

"Afande, injini ya Ukasha ipo mezani kwangu," Mwamini alisema kwa sauti ya chini. "Aliyeileta yupo nje anakunywa kahawa. Hajui kama najua."

"Mwache aendelee kunywa," Subira alimjibu. "Muongezee na kashata."

Kesi hiyo Kibiti nzima ilikuwa inaijua. Jumatatu asubuhi Ukasha aliondoka gati la Nyamisati kwenda Maparoni na abiria wawili. Mmoja alikuwa Hadija, muuguzi wa zahanati ya kule, na wa pili Mzee Abubakary, ambaye alikuwa ametoka kupasuliwa jicho na muuguzi huyo ndiye aliyemfuata kumrudisha kwao. Hawakufika. Jumanne mvuvi mmoja aliokota jaketi la kujiokolea likielea karibu na mdomo wa bahari, na tangu hapo watu walikuwa wanatafuta maiti baharini. Nyumbani kwa Ukasha, mkewe Mwanaharusi alikuwa ameshaambiwa na wakubwa wa ukoo ajiandae kukaa eda. Yeye aliwajibu kwamba hakai eda ya jaketi.

Na mkosaji alikuwa ameshapatikana midomoni mwa watu. Injini ya boti ile ilitoka kwa Twalibu, fundi mkuu wa karakana, na haikuwa mpya. Ilikuwa injini kuukuu iliyofunguliwa ikafungwa upya. Jumanne hiyohiyo jioni kundi la watu lilikwenda kumsubiri Twalibu mlangoni kwake. Subira alimchukua akamweka mahabusu, nusu kwa sababu ya mahojiano na nusu kwa sababu ya mawe waliyokuwa wameyashika.

Alipofika karakana alipita mlango wa nyuma. Ndani palinuka dizeli na sabuni ya kuoshea vyuma. Injini zaidi ya thelathini zilikuwa zimening'inizwa kwenye fremu zake, nyingine zimevuliwa hadi mifupa, nyingine zimepakwa rangi zinasubiri wenyewe. Karakana ile haikuuza injini, ilizibadilisha. Mtu alikuja na mashine yake iliyochoka, akaiacha, akaondoka siku hiyohiyo na nyingine iliyokwisha kutengenezwa. Ile iliyoachwa ilifunguliwa, vyuma vizima vikapimwa na kurudishwa kazini, vibovu vikabadilishwa, na baada ya wiki mbili ikawa mashine ya mtu mwingine. Hivyo ndivyo zilivyozunguka, Kibiti na visiwani, visiwani na Kibiti, na kila moja ilikuwa na kumbukumbu zake kwenye kompyuta ya Mwamini: ilifunguliwa lini, na nani, na kila chuma ndani yake kilitoka wapi.

"Ameileta kama chakavu, akitaka tumbadilishie," Mwamini alisema akimwonesha. "Bamba la namba halipo. Kile kidude cheusi kinachotuma habari kwa mtandao injini ikiwaka, kilichopoteza mtandao Jumatatu muda mfupi baada ya boti kuondoka, nacho kimeng'olewa. Lakini namba ya bamba siyo alama pekee. Angalia hapa."

Alifuta grisi kwenye bloku kwa kitambaa. Chini yake palikuwa na mraba mdogo wa vitone, haufiki ukubwa wa ukucha, umechomwa kwenye chuma chenyewe. Akausogezea simu. Simu ikatoa mlio, maandishi yakatokea: Injini 117. Mteja: Ukasha. Hali: ipo kazini.

Subira aliyasoma mara mbili. Kisha akavaa glavu, akaizunguka ile injini polepole. Kwenye skrubu ya kubana, ile inayoishika injini nyuma ya boti, palikuwa na damu iliyokauka. Si nyingi, lakini ilikuwa imeingia hadi kwenye meno ya skrubu.

"Nimeiona," Mwamini alisema. "Ndiyo maana nilikwambia usichelewe."

Subira alihesabu kichwani. Watu watatu wamepotea, injini yao ina damu, na bamba limeng'olewa. Askari yeyote angeandika mauaji na kumfunga pingu mnywa kahawa. Lakini mwizi wa injini anayeogopa kukutwa huwa hafungui kitu, anakata. Yeye alikuwa ameona injini nyingi za wizi. Mpira wa mafuta hukatwa kwa kisu, nyaya huvutwa mpaka zikatike. Hapa mpira wa mafuta ulikuwa umechomolewa kwenye kiungo chake taratibu, na tundu lake limezibwa ili mchanga usiingie.

Aliinama akaangalia kizibo. Ilikuwa bandeji nyeupe, imekunjwa mara nne na kufungwa fundo bapa, ncha zake zimekatwa sawasawa kwa mkasi.

"Mwamini, nani anafunga hivi?"

Mwamini aliinama naye. "Watu wa hospitali."

"Basi injini hii ilipotolewa kwenye boti, Hadija alikuwa hai, mkasi anao, na hakuwa na haraka."

Walitazamana. Ilikuwa habari njema ya kwanza tangu Jumatatu, na Subira aliiogopa kidogo, kwa hiyo akaenda moja kwa moja kwenye swali jingine.

"Kidude hakipo. Kuna kitu chochote kingine humu ndani kinachokumbuka?"

"Kipo kimoja. Kisanduku kinachowasha plagi kina kumbukumbu yake. Mahali hakijui, lakini saa, joto na mzunguko kinajua." Mwamini alichomeka waya, akafungua kompyuta. Mistari miwili ikatokea, mmoja mwekundu na mmoja wa bluu. "Huu wa bluu ni mzunguko. Boti ikipita penye mawimbi, propela inatoka nje ya maji, mzunguko unaruka. Ukiangalia safari zake za Mafia utaona mstari kama msumeno. Sasa tazama safari ya Jumatatu."

Mstari wa Jumatatu ulikuwa umelala kama mkeka.

"Hakupita baharini," Subira alisema.

"Hakupita. Alipita ndani, kwenye mikondo ya mikoko, pole pole. Njia ya ndani ni ndefu, na hapa tayari ametembea saa mbili." Kidole cha Mwamini kilihamia kwenye mstari mwekundu. "Halafu joto linapanda ghafla. Anaizima mwenyewe, ndani ya dakika moja. Anasubiri dakika ishirini ipoe, anajaribu tena, joto linapanda tena, anaizima. Basi. Hakuna kingine. Mashine iliyoingia maji hainyamazi hivi, Afande. Huyu mtu alikuwa anaitunza."

Siku tatu boti za watafutaji zilikuwa zinachana mawimbi mahali ambapo Ukasha hakufika kabisa. Subira alivua glavu, akatoka nje kumwona mnywa kahawa.

Aliitwa Abdulrazaq, mnunuzi wa chuma chakavu kutoka Bungu, mtu mnene mwenye kofia safi ya kufumwa. Alipoona sare alisimama nusu, akakaa tena.

"Salamu aleikum, mzee."

"Aleikum salamu, afande. Kheri?"

"Sijajua bado. Injini ile umeitoa wapi?"

"Nimenunua. Mie nanunua kila kitu."

"Kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu wana majina."

Abdulrazaq alikunywa funda la kahawa. "Mzee mmoja Ikwiriri. Anahama, anauza vyombo. Jina sikumuuliza."

"Ikwiriri upande gani?"

"Kule mtoni, darajani."

Subira alifungua kiganja. Ndani yake palikuwa na kipande cha tope alichokibandua kwenye mkono wa injini. Alikivunja, akakigusa kwa ncha ya ulimi.

"Onja."

"Afande?"

"Onja. Tope la Ikwiriri mie nimelichezea tangu utotoni, ni la kahawia na halina ladha. Hili jeusi, linanuka yai viza na lina chumvi. Injini hii imelala kwenye mikoko, mzee. Watu watatu hawajulikani walipo, na wa mwisho kuishika mashine yao ni wewe. Kama unataka niandike hivyo, naandika. Kama kuna jina jingine, nipe sasa."

Kofia ya Abdulrazaq ilianza kulowa pembeni. Alisema alimkuta mtu Jumanne mchana kwenye njia ya vumbi inayoshuka Nyamisati, ameificha injini kichakani amefunika na makuti. Mkata miti ya mikoko, jina lake Saidy, kwao Mtunda, mtu wa makamo, mguu mmoja anachechemea. Bamba na kidude alivitoa yeye mwenyewe Abdulrazaq.

"Kidude kiko wapi?"

"Kilikuwa kinawaka taa, afande. Kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Niliona kinaniangalia. Nikakitupa chooni."

"Na damu kwenye skrubu?"

"Damu gani?" Aliuliza kwa mshangao ambao Subira aliuamini. Akawaachia askari wawili wampeleke kituoni, naye akapanda Landkruza kuelekea Nyamisati.

Alifika saa tano. Hakuenda gatini, kwa maana mtu anayekata mikoko bila kibali hafungi mtumbwi wake mbele ya ofisi ya maliasili. Aliacha gari kwenye minazi, akashuka kwa miguu na konstebo mmoja kufuata kijia cha matope. Mbele kidogo, penye kijibandari cha mtumbwi mmoja, walimkuta mtu amewapa mgongo, anapakia.

Subira alimwangalia kwa muda kabla ya kumwita. Mtu yule hakuwa anapakia shoka wala kamba. Alipakia katoni ya maji ya chupa, mkungu wa ndizi, sufuria yenye kifuniko kilichofungwa kwa kitambaa, na mfuko mdogo wa karatasi wa duka la dawa. Akaenda kuuchukua mwavuli uliokuwa umeegeshwa kwenye mti, na ndipo alipochechemea.

"Saidy."

Aligeuka. Alipoona sare hakukimbia. Aliuangusha mwavuli tu.

"Unaumwa?" Subira aliuliza.

"Hapana."

"Mkeo?"

"Sina mke."

"Basi dawa ni ya nani?"

Saidy aliangalia maji. Konstebo aliingia mtumbwini akautoa mfuko. Ndani mlikuwa na chupa ndogo ya matone ya macho, pamba, na karatasi iliyokunjwa iliyochanwa kwenye daftari. Subira aliikunjua. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa kulala upande mmoja, kama wa kadi za kliniki.

"Matone ya macho, jina lilelile la kwenye kichupa nilichokupa. Pamba. Maji ya kunywa, siyo ya kisima. Ndizi kama zipo. Tafadhali uliza tena injini." Na hapo chini, kwa mazoea ya kazi, aliyeandika alikuwa ameweka tarehe na saa.

Ilikuwa tarehe ya jana, saa tisa alasiri.

Subira aliisoma ile tarehe hadi herufi zikamchezea. Alikaa juu ya kisiki palepale, sare na matope, akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu Jumanne.

"Wote watatu?" aliuliza.

"Wote," Saidy alisema. "Wazima. Nahodha ana kidonda cha mkono tu, spana ilimteleza akifungua skrubu."

"Kaa chini, uniambie."

Alikaa, akaeleza akiwa ameinamisha kichwa. Jumatatu alasiri alikuwa akitoka na shehena ya boriti zilizokatwa kwa siri, akapita kijito kinachoitwa Nchunguni, akaikuta boti imekaa juu ya tope. Mashine iliwachemkia mkondoni, maji ya bamvua yakawasukuma ndani kabisa, yakapwa, na tangu hapo maji hayakurudi na kimo kile. Kutembea haiwezekani, tope linameza mtu kiunoni. Kando ya kijito palikuwa na dungu la mashamba ya mpunga, kile kibanda cha juu ya miti wanamokaa wafukuza ndege wakati wa mavuno, na sasa hakikuwa na mtu. Humo ndimo walimopanda. Mtumbwi wake ulibeba kitu kimoja tu zaidi ya yeye. Hadija alikataa kumwacha mgonjwa, nahodha alikataa kuiacha boti, na wote wakakubaliana kwamba iende injini.

"Kwa nini injini?"

"Nahodha alisema karakana hawaulizi maneno. Ukiwapelekea mashine wanaisoma wenyewe, wanajua ni ya nani, siku hiyohiyo wanatoa nyingine na fundi anakuja nayo. Alisema, we ifikishe tu Nyamisati, mpe mtu wa gati." Saidy alijifuta uso kwa bega. "Gatini kulikuwa na watu wa maliasili. Mie nina boriti mtumbwini. Nikaificha kichakani, nikasema kesho. Kesho yake akapita yule wa Bungu na gari lake. Akaiona. Tamaa ikanishika, afande. Sina maneno mengine."

"Halafu?"

"Halafu nikasikia boti zinatafuta, wanasema watu wamekufa, fundi kafungwa. Nikaona nikisema sasa, nitaambiwa nimewaua. Na nisipowapelekea maji, kweli nitakuwa nimewaua. Basi nawapelekea kila siku."

"Ukawaambia nini?"

"Nawaambia injini inakuja."

Konstebo alitoa mlio wa ulimi. Subira alisimama, akapangusa suruali. Hasira alikuwa nayo, lakini kwa wakati ule ilikuwa ndogo kuliko kitu kingine kilichojaa kifuani.

"Maji yanapwa?"

"Yameanza. Tukichelewa kijito kinafunga."

"Basi simama. Leo hutawadanganya."

Boti ya polisi ilitoka gatini ikiufuata mtumbwi wa Saidy kwa nyuma. Waliacha mkondo mkubwa, wakaingia mdogo, kisha mwingine ambao mikoko ilikaribia kugusana juu. Kwenye mdomo wa Nchunguni boti ya polisi iligusa chini. Subira alihamia mtumbwini, na Saidy akausukuma kwa pondo, akisoma vina vya maji kwa macho bila kuuliza mtu. Hakufungwa pingu. Hapakuwa na mwingine aliyeijua njia.

Dungu lilitokea kwenye kona ya nne. Juu yake kulikuwa na mti mrefu usio na kitu, na kanga ya rangi ya chungwa iliyofungwa kwenye mti wa pili. Mwanamke mwenye sare ya uuguzi iliyopauka alisimama ukingoni, akaweka mkono juu ya macho.

"Umeileta?" aliita.

Subira ndiye aliyejibu.

"Dada Hadija, mie Subira, polisi Kibiti. Tumekuja kuwachukua."

Hadija alikaa chini, miguu ikining'inia. Kisha aligeuka ndani, akasema kwa sauti ileile anayoitumia zahanati, "Mzee, vaa kofia. Tunaondoka."

Ukasha alishuka ngazi kwanza, mkono wa kushoto umefungwa bandeji, ndevu zimechipua. Alimshika Subira mkono kwa ule mzima, asiuachie. Aliuliza habari za mkewe kabla ya kuuliza habari za boti, na alipoambiwa kwamba amekataa kukaa eda alicheka hadi akalazimika kushika ngazi.

"Jaketi moja tulilokuta baharini ni lenu?" Subira aliuliza.

"La kwangu. Tulilitundika juu ya ule mti ili tuonekane. Usiku wa kwanza upepo ukalichukua, maji yakaondoka nalo." Akageuka kumtazama Saidy. "Na mashine yangu, Saidy? Mbona ulisema watu wa gati kila siku wanakwambia kesho?"

"Niliiuza," Saidy alisema.

Hadija alishuka ngazi zote, akasimama mbele yake. Alikuwa mfupi, ilibidi ainue uso.

"Nilikuombea dua kila ulipoondoka," alimwambia. "Kila siku. Nilisema, Mungu ampe kheri mtu huyu, anaacha kazi zake kwa ajili yetu."

Mzee Abubakary, aliyekuwa akishushwa pole pole na Subira, jicho moja limefunikwa pamba, ndiye aliyesema la mwisho.

"Maji yanakwenda. Mtamgombeza gatini."

Walitoka mmoja mmoja kwa mtumbwi uleule, mzee kwanza, Subira mwisho, safari nne, na katika ile ya mwisho tope lilikuwa linakwaruza chini. Boti ya polisi ilipofika mkondo mkubwa, simu ya Subira ilipata mtandao. Alipiga namba ya Mwanaharusi, iliyokuwa imemnyima usingizi siku tatu, akampa Ukasha bila kusema kitu.

"Mama Yasmin," Ukasha alisema. "Ni mie. Ndiyo. Ni mie mwenyewe." Halafu akasikiliza kwa muda mrefu, machozi yakimpita ndevuni, akiitikia tu, "Ndiyo. Ndiyo. Nimekula. Ndiyo."

Simu ya pili ilikuwa kwa mkuu wa kituo. Ilikuwa fupi. Mfungulieni Twalibu, na askari wawili wamsindikize hadi karakana, watu wamwone anavyosindikizwa.

Subira aliwaacha wagonjwa wake hospitali na Saidy kituoni, akafika karakana saa kumi na moja. Nje walikuwa wamejaa watu, baadhi yao walewale wa Jumanne, sasa wanapeana mikono. Ndani, Twalibu alikuwa ameshavaa ovaroli. Injini 117 ilikuwa wazi mbele yake.

"Fundi, nilikuweka ndani siku mbili," Subira alianza.

"Ulinipa godoro," Twalibu alisema bila kuinua kichwa. "Njoo uone hii."

Kwenye kiganja chake palikuwa na kigurudumu kidogo cha mpira chenye mabawa sita, kile kinachovuta maji ya kupoza injini. Mabawa matatu yalikuwa yamekatika. Alilibonyeza la nne kwa dole gumba, likavunjika kama biskuti.

"Vyuma vyote vizima," alisema. "Pistoni, krenki, vyote vya zamani, vyote vizima. Kilichokufa ni hiki, na hiki ndicho kitu pekee kilichokuwa kipya. Mpira wa zamani hatuurudishi, tunanunua mpya. Na huu ni feki. Nilipaswa kuupima, sikuupima. Hilo ni langu, andika."

"Nitaandika. Umevifunga vingapi?"

Mwamini alikuwa ameshatafuta. "Boksi moja, liliingia mwezi uliopita. Kumi na nne. Kila kimoja naijua injini yake na simu ya mwenyewe."

Hapo hapakuwa na haja ya mtu kueleza zaidi. Walikaa watatu kwenye meza moja, wakagawana orodha, wakapiga. Usitoke leo. Kama upo majini, zima, funga mahali ulipo, sema uko wapi. Wengine waliuliza maswali, wengine walishukuru, mmoja wa Mbwara alijibu kwamba injini yake ipo kivulini na yeye yupo harusini. Kabla ya adhana ya magharibi walikuwa wamebaki na mmoja: injini 109, ya Mustapha, anayebeba abiria Nyamisati na visiwani. Simu yake iliita bila kupokelewa.

Mwamini aligeuza kompyuta. Kwenye ramani, kitone cha 109 kilikuwa kimetoka gatini na kinakwenda. Joto lake lilikuwa la kawaida, lakini lilikuwa linapanda tarakimu moja moja.

Subira alimpigia mtu wa gati. "Mustapha unamwona?"

"Namwona mgongo, afande. Ndo anaondoka. Ana kina mama kumi hivi."

"Mwite kwa kila ulichonacho."

Walisikia mtu akikimbia juu ya mbao, kisha akipuliza filimbi, kisha bati likipigwa kwa chuma. Macho yao yalikuwa kwenye kitone. Kilikwenda. Kilikwenda kidogo tena. Kisha kilisimama, kikakaa hapo kwa muda ambao hakuna aliyeupima, na pole pole kikaanza kurudi nyuma.

Twalibu aliuachia ukingo wa meza.

Simu yake ililia. Alikuwa Mustapha, mwenye sauti ya mtu aliyekatiziwa safari. "Fundi, nani kasema nirudi? Nina watu hapa wanataka kufika makwao."

"Nimesema mie. Watafika. Washushe wakanywe chai, nakuletea mashine nyingine sasa hivi."

Alikata simu, akaenda kwenye fremu, akachagua injini iliyofungwa kabla ya boksi lile kuingia. Akaishika upande mmoja, akaangalia huku na huku kutafuta wa kumsaidia.

"Afande," alisema, "shika huku."

Subira alikunja mikono ya shati, akashika, wakainyanyua.